Tonton Wangu Amemutoa Mukwe Wake kwa Mamba Muntu wa Telefone

Tantine Arlène mupendwa,

Naomba musaada wako, na kabla ya musaada naomba usiandike jina langu, sababu mama mudogo wangu anafunga samaki na gazeti lenu na kila ukurasa anausoma kwanza, na hiki ninachokuandikia sijamuambia mutu yeyote duniani, hata pa kitubio nilishindwa, nilimuambia padre nimeiba sukari, na sukari sikuiba, sasa nina dhambi mbili.

Mimi ni musichana, nasoma sekondari hapa Nchelenge kwa Kiingereza, lakini shule ya musingi nilisomea Kilwa, ngambo ya Congo, kwa Kifaransa, na katikati ya lugha hizo mbili nimejifunza kunyamaza, hata darasani wananiita Ukuta. Naishi Kashikishi kwa mama mudogo Germaine, ndugu ya mama yangu, anayeuza samaki sokoni, na bwana yake, tonton Goodson, Mubemba wa hapa hapa, muvuvi, mutu mupole ambaye hajawahi kunipigia kelele hata siku moja, na hiyo njo inaniumiza zaidi.

Tantine, mamba muntu ni mimi nilimutengeneza.

Naeleza. Binamu yangu Stéphane anavuka ziwa na boti za wafanyabiashara, na safari moja aliniachia ordinatere yake, kompyuta ya kubeba, nimuchungie, na ndani mulikuwa michezo ya nguva, wale wanawake nusu mutu nusu samaki, wote wa kizungu, nywele za njano mpaka kiunoni, nyumba zao za lulu, kazi yao kuimba na kuokota maganda, na mumoja anakuomba umuchagulie viatu, Tantine, viatu, mutu mwenye mukia. Nilicheza yote mpaka nikaimaliza, halafu nikawaza, huyu angekuja ziwa letu la Mweru angedumu? Kabla ya saa sita angekuwa juu ya chanja anakauka pamoja na wengine.

Wetu, mamba muntu, si wa kuimba. Wetu unamukuta juu ya jiwe anachana nywele, ukimuibia chanuo lazima akupe utajiri, lakini na yeye atakudai mutu wa jamaa yako, na mutu huyo maji yatamuchukua. Hivyo wanasema wazee wa pande zote mbili za ziwa. Basi kwa yale tuliyofundishwa kwenye klabu ya kompyuta pa shule nikaanza kutengeneza muchezo wangu, kidogo kidogo, mama mudogo akidhani ni hesabu. Kuna mutumbwi, kuna wavu, kuna jiwe. Unatupa wavu, haupati kitu. Unaiba chanuo. Mamba muntu anageuka, anakuangalia, anasema, “Nipe mutu. Andika jina. Maji yatamuchukua.” Unaandika. Skrini inakuwa nyeusi, halafu unasikia, “Nimepokea,” na mutumbwi unajaa samaki mpaka unainama. Ile sauti ni yangu. Niliingiza kichwa ndani ya ndoo tupu ya mafuta nikasema polepole, na ndani ya ndoo mimi si Ukuta, ndani ya ndoo nina sauti ya kutisha watu wazima, na nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika sababu nilifurahi.

Ilikuwa ile miezi ya ziwa kufungwa, wakati serikali inakataza kuvua ili samaki wazae, na wavuvi wanakaa kando ya mitumbwi iliyopinduliwa wakishona nyavu zilizokwisha kushonwa. Stéphane aliporudi akauona muchezo, akacheka, akauingiza kwenye telefone yake, ordinatere akaniachia tena, na kutoka kwake ukaenda bandari nzima mpaka Kabuta. Jina langu sikuliandika popote. Nikitoka shule nasikia sauti yangu inatoka mifukoni mwa wanaume, nimepokea, nimepokea, na mimi natembea mbio kwa haya, na kwa furaha, sikudanganyi.

Sasa lazima nikueleze nkambo Fidélie, mama ya mama yangu na ya mama mudogo. Alikuja kutoka Kilwa kututembelea wakati huo huo. Kwa desturi tonton hawezi kumuangalia usoni, wala kula mbele yake, wala kumusemesha, sababu hawajamuingiza bado, yaani wanawake wa upande wetu hawajamupikia zile sufuria nyingi na kumufunulia moja moja, Wabemba wanaita ukwingisha, na kila mwaka mama mudogo anasema ni mwaka huu, na kila mwaka kunatokea kilio ao samaki hakuna. Basi nkambo akiwa na neno kwa tonton, anamuambia bata. Tuna bata mumoja. Nkambo anakaa upande wa jiko, tonton anakaa nyuma ya nyumba, bata anapita katikati.

“We bata,” nkambo anasema, “muulize mwenye nyumba kama na leo ni majani ya sombe bila kitu.”

“Bata,” tonton anajibu akiangalia ziwa, “muambie mama kwa heshima, mukwai, ziwa limefungwa.”

Siku moja unga ulikuwa umepungua na watu wote walikuwa na kichwa cha moto, nkambo akamuambia bata kwamba mwanaume asiye na samaki ni kama kiti, kazi yake kusogezwa wakati wa kufagia. Tonton alisikia. Alitoka akaenda kukaa kwenye mitumbwi na telefone yake.

Unajua aliandika jina la nani.

Juma hilo hilo nkambo akaanguka malaria. Mama mudogo alikuwa sokoni, mwanaume mwingine hakuna, basi mimi nikamupandisha nkambo nyuma ya baiskeli, pale tonton anapofunga samaki, na yeye akashika usukani akaisukuma mpaka kliniki, shingo imegeuka upande wa ziwa njia nzima ili asimuangalie mukwe wake, na kwa sababu haoni mbele akaingia na baiskeli na mukwe ndani ya chanja cha mama mumoja, samaki wadogo chisense wakamwagika barabarani kama muchanga. Mwenye chanja alipiga kelele kwa Kibemba. Nkambo, na homa yake yote, akafumbua macho akauliza bata yuko wapi, ana neno la kumutuma.

Wakati wanamupima, tonton akaniita nje, nyuma ya ukuta wa kliniki. Alikuwa analia, na mugonjwa mwenyewe halii.

“Mwana,” akaniambia, “mamafyala, mukwe wangu, nimemuua.”

Nikamuambia ni malaria, tonton. Akasema ndiyo, malaria, lakini ni nani ameituma? Akatoa telefone akaanza kunieleza muchezo wangu mwenyewe toka mwanzo, jiwe, chanuo, jina, na alipofika kwa sauti akashusha ya kwake.

“Ile sauti si ya mutu,” akasema. “Mutu hawezi kusema vile. Ile inatoka chini.”

Na mimi, Tantine, Mungu anisamehe, badala ya kusema ni mimi, ni ndoo, nikamuuliza, “Kweli inatisha?”

Nkambo alipona. Walimupa vidonge, akalala, akaamka akaomba chai yenye sukari nyingi, na sasa anamutukana bata asubuhi na jioni kama zamani. Lakini tonton anasema hiyo ni hila, mamba muntu hana haraka, anamungojea mama pa maji. Ziwa limefunguliwa, wenzake wote wameingia, samaki wanapatikana, na yeye mutumbwi wake bado umepinduliwa, kuku wanataga chini yake. Maji ya ziwa hayagusi, hata kuoga haogi, anajipangusa na kitambaa kama dirisha. Tonton amemukataza nkambo kukaribia pwani, kupitia bata, na ndani ya beseni anamuruhusu maji ya kikombe kimoja tu, sababu zaidi ya hapo ni hatari. Nkambo anadhani tonton amerukwa na akili. Mama mudogo anadhani kuna mwanamke. Alimusikia chooni anabembeleza telefone, “Mama, nisamehe, mama, murudishe,” na sasa ameniuliza mimi kama huyo mama anakaa Kabuta. Tonton alijaribu kufuta jina akashindwa. Mimi njo najua kwa nini, pale ndani sikuweka njia ya kurudi.

Na sasa nkambo anataka kwenda Kilwa kwa Pasaka. Kwa boti. Wajomba zangu wanakuja kumuchukua, na tonton ameniambia mimi peke yangu kwamba siku hiyo atasimama bandarini mbele ya watu wote atangaze aliyofanya, na ikibidi atalala mbele ya boti isiondoke. Wajomba hao, Tantine, si watu wa kucheka. Mukwe aliyemutoa mama yao kwa mamba muntu, hawatauliza kama ni kwa telefone ao kwa kinywa. Watamupandisha nkambo, watamupandisha mama mudogo na vitu vyake, na tonton atabaki na bata.

Nikisema ni mimi, nitakuwa yule mutoto wa mamba muntu mpaka nizeeke, na tonton ataaibika kwamba alilia kwa sababu ya ndoo. Nikinyamaza, nyumba itavunjika. Kwa hiyo nimewaza njia ya katikati. Nitengeneze nivo mupya, sehemu ya mwisho ya muchezo, mamba muntu atoke tena aseme kwa ile sauti, “Goodson, mukwe wako nimekurudishia, nenda ukavue,” nimupe Stéphane aupeleke kwenye telefone yake, na hakuna mutu mwingine atakayejua. Ndoo nimekwisha kuiosha.

Unasemaje, Tantine, niseme na mudomo wangu ao na ndoo, unijibu mbio, boti haingoji mutu, na sasa nasikia malapa nje, ni ya tonton, anatembea kama mutu aliyebeba kitu kizito, amesimama pa mulango, anakohoa, naficha karatasi chini ya


Tantine Arlène anajibu:

Mutoto wangu Ukuta,

Barua yako imefika bila mwisho na magamba ya samaki katikati, nikajua uliificha wapi. Umeniomba nisiandike jina lako, halafu umeniandikia majina ya nyumba nzima. Yote nimeyabadilisha. Kile kilichoangushwa na baiskeli nacho nimekibadilisha, maana bandari inakumbuka. Hata bata, wasomaji wangu, ni ndege mwingine. Na jibu hili nakutumia wewe kwanza kwa mukono, gazetini litatoka Pasaka ikishapita, ili mama mudogo asilisome mbele yako akifunga samaki.

Pole, mwanangu. Kuwa na kitu ulichokitengeneza vizuri na kushindwa kusema “ni changu” ni mateso, na watu wa kelele hawayajui. Kapembwa, anayepanga kurasa za gazeti hili, ana muchezo wako kwenye telefone yake. Siku ya kwanza kuusikia niliruka kwenye kiti, chai ikamwagika juu ya barua za watu. Ile ni kazi nzuri. Soma tena: kazi nzuri. Huruma yangu imekwisha hapo.

Sasa nikugombeze. Uliona watu wenye njaa, ziwa limefungwa, mikono haina kazi, na mumoja wao anaitwa kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe, ukamuwekea mbele swali ambalo mutu haulizwi: andika jina. Mimi nilijaribu. Mimi Tantine Arlène, mama wa kwaya, nilikuwa na jina tayari kabla skrini haijamaliza kuuliza. Sitasema la nani. Mutu huyo yuko muzima, leo asubuhi amekuja kuniazima chumvi, na kwa haya nimemupa pakiti nzima na nyanya juu. Kwa hiyo usimucheke tonton wako. Unadhani anaogopa mamba muntu? Anaogopa jinsi lile jina lilivyomujia haraka. Na wewe, mutu analia mbele yako nyuma ya kliniki, unamuuliza kama inatisha! Ningekuwa karibu, sikio lako lingekuwa refu leo.

Hiyo nivo mupya, hapana. Najua ingefaulu, na njo sababu nakukataza. Tonton angeenda kuvua, ndiyo, lakini maisha yake yote angeamini kuna kitu chini ya maji kinachomujua kwa jina, na mwaka ujao ziwa likifungwa kingemuuliza tena. Uongo wa kwanza ulitosha ndani ya ndoo. Wa pili utataka pipa.

Fanya hivi. Asubuhi, akikaa na nyavu zake, beba ordinatere na ndoo umufuate. Usikae mbele yake, wewe una haya na yeye ana haya. Kaa pembeni, wote wawili muangalie ziwa, kama anavyofanya akisema na bata. Njia ya kurudi ambayo hukuiweka, iweke usiku wa leo, kazi hiyo unaiweza. Halafu uiingize kwenye telefone yake, na jina la nkambo alifute yeye mwenyewe, kwa kidole chake, si wewe. Likishafutika, ingiza kichwa ndani ya ndoo useme “Nimepokea.” Atashituka. Toa kichwa, useme tena bila ndoo. Atakasirika, na ana haki. Ao atanyamaza, na wewe ukiwa bingwa wa kunyamaza unajua si kwa ubaya, umungojee. Ordinatere uishike kwa mikono miwili, si yako.

Jina aliloandika ni siri yake. Usimupelekee mama mudogo, wala wajomba, wala bata. Mama mudogo umuambie jambo moja tu: pa Kabuta hakuna mwanamke, ni sauti yako ilikuwa inatoka kwenye ile telefone. Atakupigia kelele mpaka jirani wasikie. Zivumilie, ni kelele za mutu aliyepata bwana yake.

Na neno lingine kwake, liseme kutoka kwangu mimi: ukwingisha ni mwaka huu. Kabla ya boti. Mwanaume aliyesukuma baiskeli na shingo imepinda mpaka akaanguka na mukwe wake, kwa heshima tu, huyo amekwisha kuingia, kilichobaki ni sufuria. Wajomba si wanakuja? Wakute moto unawaka na wanawake wanapika. Nkambo amufunulie kila sufuria kwa mukono wake, amuangalie, aongee naye. Kama tonton ana radhi ya kuomba atakuwa na ruhusa ya kufungua kinywa, na kama nkambo anataka kulirudisha lile neno la kiti, na yeye mulango utakuwa wazi. Ila bata asiwemo ndani ya sufuria yoyote. Amebeba vya kutosha katika nyumba hiyo.

Muchezo usiutupe. Lile swali litoe. Mutu akiiba chanuo, adaiwe chanuo. Na pale mwanzoni andika jina lako, kwa herufi kubwa kuliko samaki.

Sasa yale malapa pa mulango. Uliyaogopa ukaficha karatasi. Mutoto, tonton ana mke, ana mukwe, ana bandari nzima ya rafiki, na siku zote akizidiwa anakuja kusimama kwako, anakohoa, anangoja. Hakuja kukukamata. Yakirudi, acha karatasi mezani uende ukafungue.